Unyayo usio na katikati

Ami yangu wa Wete, Pemba, akimaliza kutawadha hupita kwenye sakafu ya saruji ya baraza ya uani, na nyuma yake hubaki alama za maji. Duara la kisigino hapa, bonge la mbele ya wayo pale, na katikati saruji kavu kabisa. Vidole havionekani isipokuwa ncha zake, kama vilivyochovywa kwenye wino. Mwaka juzi, siku ya pili ya Idi, mjukuu wake wa miaka 11 alipita nyuma yake, naye katoka kuosha miguu. Alama zilikuwa zile zile, ila ndogo. Shangazi akacheka: "Huyu kamrithi babu yake mpaka nyayo!" Alikuwa anatania, lakini alisema kweli kuliko alivyojua.

Kwa zaidi ya miaka 30 ami aliuliza miguu yake ina nini, akapewa majibu matatu na watabibu watatu. Wa kwanza alimwambia ni baridi yabisi. Wa pili alisema labda polio ya utotoni isiyojulikana. Wa tatu, ambaye hakuvaa koti jeupe, alisema ujanani kapita chini ya mkarafuu wenye mwenyewe, yaani jini. Hospitali moja ilimpa vidonge vya maumivu miaka nenda miaka rudi, na hakuna aliyewahi kumwambia avue viatu atembee hatua kumi. Angetembezwa wangeona: hunyanyua goti juu kama mtu anayevuka maji ya magotini, kisha wayo unashuka na kupiga chini, pwaa. Mwishowe alivuka bahari akaenda Dar es Salaam, akapimwa kasi ya neva, akarudi na jina.

Jina lenyewe ni Charcot-Marie-Tooth, kwa kifupi CMT. Ni majina ya madaktari watatu walioyaeleza maradhi haya mwaka 1886: Jean-Martin Charcot na Pierre Marie wa Paris, na Mwingereza Howard Henry Tooth. Tooth ni jina la ukoo, kwa hiyo aliyesoma Kiingereza asianze kuangalia meno. Hukadiriwa kumpata mtu 1 katika kila watu 2,500, na ni miongoni mwa maradhi ya neva ya kurithi yanayoonekana zaidi duniani. Kuna pia kitu kinachoitwa "mguu wa Charcot", ambapo mifupa ya wayo husagika na kuporomoka, khasa kwa watu wa kisukari. Daktari ni yule yule, tatizo ni jingine. Nimeshaona familia iliyotafuta habari kwenye simu ikachanganya haya mawili na kulia usiku kucha bure.

Lugha yetu nayo ina mchango wake katika mkorogo huu. Tunasema "mshipa" kwa kila kitu: unaopitisha damu, unaovuta kisigino, unaopeleka hisia, na kwa wazee wetu mshipa ni ngiri. Ukimwambia daktari "nina mshipa mguuni" hujamwambia kitu. Na "mguu" wenyewe unaanzia nyongani unaishia kwenye kucha. Katika makala haya nitasema neva kwa maana ya mishipa ya fahamu, na wayo kwa kile kinachokanyaga.

Neva ni waya. Tangu 2010 Pemba inapata umeme wa gridi kwa waya uliolazwa chini ya bahari kutoka Tanga, na kila Mpemba anaelewa maana ya kuwa mwisho wa waya. Ndani mna shaba, nje mna ganda. Maradhi haya yana aina nyingi, na kuna zinazoanzia kwenye ganda na zinazoanzia kwenye shaba yenyewe. Aina inayopatikana zaidi, iitwayo 1A, ni ya ganda: kipande cha kromosomu ya 17 chenye jeni iitwayo PMP22 kimejirudia, mtu ana nakala tatu badala ya mbili, na ganda linatengenezwa vibaya. Habari zinapita polepole. Kwenye mkono wa mtu mzima neva hupeleka habari kwa kasi ya mita 50 hivi kwa sekunde au zaidi. Kwa mwenye aina hii kasi huwa chini ya mita 38, mara nyingi chini sana. Lakini huko kuchelewa kwa habari si tatizo kubwa. Ganda likiwa bovu kwa miaka, shaba nayo inakatika, na hapo ndipo msuli unapokosa mwenye kuuamrisha, ukanywea. (Msuli wa mwilini, si ule wa kujifunga kiunoni.)

Neva zinazoanza kuteseka ni zile ndefu. Inayotoka kiunoni hadi vidoleni ina urefu wa mita moja hivi kwa mtu mzima. Ndiyo maana maradhi huanzia nyayoni, hupanda kwenye muundi, na baada ya miaka hufika vidole vya mikono. Ami alikuwa mshonaji wa kofia za viua. Leo kutunga uzi kwenye sindano anamwachia mkewe, na vifungo vya kanzu humchukua muda wa kumaliza kikombe cha kahawa.

Sasa niseme kile ambacho ningependa kila mzazi akielewe, maana bila hicho matibabu yote yanaonekana kama kubahatisha. Wayo wa CMT haupindi kwa sababu ni dhaifu. Unapinda kwa sababu ni dhaifu upande mmoja. Ni mchezo wa kuvuta kamba ambao timu moja imeanza kuondoka uwanjani mtu mmoja mmoja.

Wa kwanza kuondoka ni misuli midogo iliyo ndani ya wayo wenyewe, kazi yake ikiwa kunyoosha vidole. Ikinywea, misuli mirefu itokayo muundini hubaki inavuta peke yake na vidole hujikunja kama makucha ya kunguru. Halafu hudhoofika msuli wa mbele ya muundi, unaonyanyua wayo, na ule mfupi wa upande wa nje, unaouzuia wayo usigeukie ndani. Wapinzani wao, yaani shavu la mguu na msuli wa ndani nyuma ya kifundo, bado wana nguvu. Pale nje, jirani na ule msuli mfupi, kuna mwingine mrefu, ambao kano yake hupita chini ya wayo na kushika nyuma ya kidole gumba. Huo nao huchelewa kudhoofika, na kila ukivuta huukandamiza mfupa wa kidole gumba chini. Aliyekuwa akiunyanyua ni yule wa mbele ya muundi, naye keshaondoka. Basi upande wa kidole gumba unashuka, wayo unajikunja katikati kama daraja, na ndiyo ile saruji kavu kwenye alama za ami.

Kisigino nacho kinafuata. Chukua kigoda cha miguu mitatu, refusha mguu mmoja: kigoda chote kinalala upande wa pili. Upande wa kidole gumba ukiwa umeshuka, mtu akikanyaga, kisigino kinabingirika na uzito unaangukia ukingo wa nje. Hapo kifundo huteguka kwa jambo dogo tu, kokoto, ngazi ya mlango, shimo la kaa ufukweni. Uzito uliotakiwa kugawanyika wayo mzima sasa unabebwa na sehemu mbili tatu, na sehemu hizo huota sugu. Vidole vilivyokunjika hugonga dari ya kiatu, juu yake ngozi inachubuka. Kano nene nyuma ya kisigino inafupika kwa sababu hakuna wa kuivuta.

Kuna kipimo kinachohitaji kipande cha ubao tu, kinene kama sentimita 2.5. Mtu anasimama, kisigino na ukingo wa nje juu ya ubao, upande wa kidole gumba unaning'inia nje. Mtaalamu anatazama kwa nyuma. Kisigino kikinyooka, basi kosa liko mbele na kisigino kilikuwa kinafuata tu. Kisiponyooka, kiungo kimeshakauka. Kipimo hiki ndicho kinachoamua mengi baadaye, kama mtu atatosheka na soli maalumu ndani ya kiatu au atakatwa mfupa upi.

Kwa mtoto, dalili za mwanzo ni ndogo na huonekana kama uzembe. Anajikwaa kila mara. Kwenye mpira huchaguliwa wa mwisho. Hawezi kusimama kwa visigino vidole vikiwa juu. Pindua viatu vyake vya skuli: soli imelika ukingo wa nje, na mbele ngozi imekwaruzika kwa kuburura. Wengine hawaanzi kuonekana mpaka ukubwani, na ndani ya nyumba moja mmoja anaweza kuhitaji kifaa akiwa na miaka 15 na nduguye akazeeka hana habari.

Sio kila wayo uliokunjika ni CMT. Kabla ya yote daktari apime kisukari, maana ndicho kinachoua neva za miguu kwa wengi, na kipimo chake ni rahisi. Atazame ngozi kama ina mabaka yasiyohisi, kwa sababu ukoma bado upo nchini, unatibika kabisa kwa dawa zinazotolewa bure, na kuuacha ni dhuluma. Polio aghalabu hukamata mguu mmoja kuliko mwingine na haiendelei polepole miaka yote. Tena polio haigusi hisia. CMT kwa kawaida ni miguu yote miwili, inakwenda taratibu, na ukiuliza vizuri utasikia kuna babu aliyekuwa "akenda chopi". Kipimo cha jeni kipo lakini ni ghali, na matunzo ya miguu hayahitaji kukisubiri.

Kuhusu kurithi, watu hupenda kutafuta mkosaji. Katika aina nyingi, pamoja na hiyo 1A, mzazi mmoja mwenye jeni anatosha, na kila mtoto ana nafasi nusu kwa nusu. Kila mtoto, narudia. Si kwamba wa kwanza akiupata wa pili kasalimika. Ni kama kurusha sarafu upya kila mimba. Ipo aina inayopita kwenye kromosomu ya X: baba huwapa mabinti wake wote, wala hampi mtoto wa kiume hata mmoja. Na zipo aina ambazo lazima zitoke kwa baba na mama wote wawili, ambao wenyewe ni wazima. Kila mtoto ana nafasi 1 kati ya 4. Hizi huonekana zaidi pale watu wa damu moja wanapooana, kwa sababu jeni iliyojificha kwa babu mmoja inakutana na nakala yake. Sisi huku kuoa binti ami ni jambo la heshima na sitaki kulisema vibaya. Nasema tu kwamba familia iliyokwishaona watoto wawili wa namna hiyo ingefaa iulize kabla ya posa nyingine ya ndani kwa ndani. Na wakati mwingine jeni huharibika kwa mtoto mwenyewe, nyumba haina historia yoyote. Mkarafuu hauhusiki.

Matunzo ya kila siku yana adui mmoja mkubwa, ganzi. Wayo wa ami umewahi kukaa na msumari mdogo wa bati kuanzia asubuhi hadi alasiri, na aliyeuona ni mjukuu aliyefuata tone za damu kwenye mkeka. Wayo usioweza kulalamika unahitaji macho. Hapa sisi tumepewa wepesi ambao wengine wanalazimika kujikumbusha kwa kengele ya simu: tunaosha miguu mara tano kwa siku, na kupitisha kidole baina ya vidole vya mguu ni sunna. Basi mara moja kati ya hizo, ya mwanga mzuri, utazame. Chini ya wayo kwa kioo kidogo. Tafuta wekundu, lengelenge, ufa kwenye kisigino, sugu yenye doa jeusi ndani, ambayo mara nyingi ni damu iliyokaa chini ya ngozi. Kisha kausha baina ya vidole, maana vidole vilivyokunjika hufuga unyevu na fangasi. Anayepangusa juu ya khofu (soksi za ngozi) badala ya kuosha, siku moja na usiku wake kwa aliye mjini na siku tatu kwa msafiri, ngozi yake inapumzika na maji, ila asisahau kuvua akatazama.

Maji ya moto pima kwa kiwiko cha mkono, si kwa mguu, wala si kwa vidole vya mkono kama navyo vimeshaanza ganzi. Na hapa sina upole: kukandwa kwa mchanga wa moto, chumvi iliyochomwa au tofali lililopashwa si tiba kwa wayo huu. Mkandaji anamuuliza mgonjwa "inaunguza?" na mgonjwa anajibu "bado", kwa sababu hasikii. Kombe la kunywa halitamwunguza mtu. Moto utamwunguza, na kidonda kwenye wayo unaobeba uzito mahali pamoja huchukua miezi. Sugu vilevile haikatwi kwa wembe nyumbani. Ilowekwe maji ya vuguvugu, isuguliwe kidogo kidogo kwa jiwe la kusugulia, ipakwe mafuta. Nyembe zimefanya kazi mbaya kisiwani hapa.

Viatu ni mjadala mgumu zaidi kwetu, kwa sababu tunaishi kwa ndara. Kuvaa ndara ni kazi ya vidole, vinaibana kila hatua bila wewe kujua. Mwenye CMT hana vidole vya kubana. Ndara inachomoka, naye anaendelea mbele na kugundua baada ya hatua tatu kwamba anakanyaga lami. Mtalawanda ndio usiseme, na wa chooni penye utelezi ni mtego. Makubadhi mazuri ya kwenda harusini nayo hayana kitu nyuma. Dawa ni mkanda wa kuzunguka kisigino, na fundi yeyote wa viatu anaweza kuushona. Kiatu cha kufunika kiwe na nafasi ya juu pale mbele ili vidole visigonge, kiwe na soli pana isiyoyumba, kifungwe kwa kamba au utepe wa kunata. Kinunuliwe jioni, mguu ukiwa umeshavimba kidogo kwa shughuli za mchana. Kwa akina mama wa mwani wa Paje na Jambiani, wanaoingia bahari ikitoka wakati wa bamvua, kwenda peku juu ya miiba na makome ni hatari hata kwa mzima. Mwenye ganzi avae kiatu cha mpira kinachobana, hata wenzake wakimcheka.

Wayo unaoning'inia una kifaa chake: plastiki nyembamba iliyofinyangwa kwa umbo la mguu wa mtu mwenyewe, inaanzia chini ya wayo, inapanda nyuma ya shavu la mguu mpaka chini ya goti, na huvaliwa ndani ya kiatu. Wataalamu hukiita AFO. Kinazuia wayo usiburure, na mara nyingi mtu akikivaa siku ya kwanza hushangaa kwamba anaweza kutembea bila kutazama chini. Ila kinavaliwa ndani ya kiatu, na sisi viatu tunaacha mlangoni. Hapo ndipo watu wengi hukitupa kabatini. Ami alijipatia jozi ya viatu vyepesi ambavyo havijawahi kukanyaga nje, anavibeba kwenye mfuko, na husali kwenye kiti karibu na nguzo. Kile kikao cha tahiyatu cha kusimamisha wayo wa kulia vidole vikielekea kibla kilishamshinda zamani. Kifaa kikianza kuacha alama nyekundu isiyoondoka baada ya nusu saa, kirudishwe kikarekebishwe. Ukivumilia, kesho ni kidonda.

Mazoezi hayarudishi msuli uliokwishanywea, na anayekuahidi hivyo anakuuzia kitu. Yanachofanya ni kuzuia kano zisifupike. Simama mbele ya ukuta, mguu mmoja nyuma, kisigino chini, egemea mpaka uhisi kuvutika nyuma ya muundi, hesabu sekunde 30, rudia mara chache kila siku. Baiskeli inafaa, kuogelea kunafaa zaidi. Kujichosha mpaka kesho yake usiweze kunyanyuka hakufai.

Upasuaji upo, na wakati wake ni muhimu kuliko watu wanavyodhani. Wayo ukiwa bado unanyooka, daktari anaweza kuihamisha timu: msuli wa ndani wenye nguvu unachukuliwa kano yake na kupandikizwa juu ya wayo ili sasa unyanyue, na ule mrefu wa nje unaunganishwa na jirani yake mfupi. Anaweza pia kukata mfupa wa nyuma ya kidole gumba na kuunyanyua, au kukata mfupa wa kisigino na kuusogeza. Wayo ukishakauka, kinachobaki ni kugandisha viungo, na viungo vilivyogandishwa huwapa mzigo majirani zao ambao baada ya miaka hupata yabisi. Upasuaji hauzuii maradhi kuendelea. Njia ya kawaida kwa Mpemba ni kuanzia Chake Chake, Wete au hospitali ya Abdalla Mzee iliyopo Mkoani, kisha Mnazi Mmoja ya Unguja, na kwa operesheni za namna hii taasisi ya mifupa ya MOI pale Muhimbili, Dar es Salaam, au hospitali ya KCMC Moshi. Huko KCMC ndiko kilipo pia chuo cha TATCOT kinachofundisha mafundi wa vifaa vya miguu.

Dawa ya kuponya haijapatikana. Vitamini C kwa dozi kubwa ilijaribiwa kwa watu wa aina ya 1A na haikusaidia. Vidonge vya "vitamini za neva" vinavyouzwa kila duka la dawa vina B6, na B6 nyingi kwa muda mrefu yenyewe huharibu neva, kwa hiyo usimeze mwaka mzima kwa kusikia tu. Maumivu ya kuchoma na kama ya umeme yana dawa zake ambazo daktari ataandika. Vidonge vya kawaida vya maumivu haviyagusi sana. Na jambo moja liandikwe kwenye karatasi na kuwekwa kwenye pochi: vinkristini, dawa inayotumika kwa baadhi ya saratani za damu na za tezi, inaweza kumlemaza mwenye CMT ndani ya muda mfupi. Kila daktari aambiwe kabla, hata kama ugonjwa ulionao leo ni mwingine kabisa.

Mjukuu wa ami alipelekwa Unguja likizo iliyopita. Alisimama juu ya kipande cha ubao, na kisigino chake kilinyooka. Amepewa soli ya ndani iliyoinuliwa upande wa nje na kuachwa wazi chini ya kidole gumba, na fundi wa viatu wa sokoni Wete amemshonea mkanda wa nyuma kwenye sendo zake kwa uzi mwekundu, rangi aliyoichagua mwenyewe. Kila baada ya magharibi anakaa na babu yake barazani, wanatazamana nyayo kwa tochi ya simu. Kaka yake ana miaka 14, ni golikipa wa timu ya mtaa. Siku zote nilizokuwa pale, akitoka kutawadha alikuwa akizunguka kwa nje, kwenye mchanga, asipite kwenye saruji.